Bipu Niliyomnyima Nabintu

Jumanne asubuhi nilikuwa jikoni nakoroga unga wa gurusa, ule mkate mwembamba ambao sisi Wanubi hatuwezi kumaliza wiki bila kuula, simu ikaita. Alikuwa Mama Aline, Mkongomani wa Bukavu, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, ambaye siku hizi hunipigia pale tu panapokuwa na harusi au msiba. Hakunizungusha. "Mastula, Nabintu ametuacha. Jana mangaribi, ku hospitali. Weye ni wa mbali wake, njo maana nakuita wa kwanza. Sasa ita wawili yako." Nilisema inna lillahi, nikazima jiko, nikakaa kwenye kigoda na mikono yangu ya unga. Ningependa kuandika kwamba kilichonijia kwanza ni huzuni. Kilichonijia kwanza ni swali: kwa nini yeye amejua tangu jana na mimi najua leo? Mama Aline alikuwa kando ya kitanda, mimi nilikuwa nyumbani natazama taarifa ya habari. Nilimwonea wivu kwa kukaa karibu na mtu anayekata roho, mimi mwanamke mzima mwenye mvi. Huzuni ilipofika ilikuta nafasi imeshachukuliwa, ikabidi isubiri.

Kila mmoja wetu ana watu wawili, wa karibu na wa mbali, na zikija habari kubwa unawapigia hao wawili kabla hujafanya lingine lolote. Huo ni mpango wa miaka zaidi ya ishirini. Wa karibu wangu ni Zawadi, nikampigia, akalia. Wa mbali wangu alikuwa Nabintu mwenyewe. Kwa hiyo asubuhi ile nilikuwa na simu moja tu ya kupiga, na jina la pili nililitazama mpaka kioo kikazima.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na simu ndogo za vitufe ndiyo kwanza zilikuwa zimekuwa za kila mtu. Nilikuwa natunza chumba cha mizigo mtaa wa Kisenyi, juu ya gereji moja, unapanda kwa ngazi ya chuma inayotikisika. Dirisha letu la pekee lilitazama mashine za kusaga mahindi, kwa hiyo vumbi jeupe lilitua juu ya kila kitu, hata juu ya chai kama hukuifunika. Ndani kulikuwa na vitenge mpaka darini, mali ya wanawake kumi na wawili, wote kutoka Kivu. Asubuhi walikuja kuchukua vipande vyao, wakavitundika begani na mkononi, wakatawanyika mjini kwa miguu: kwa manesi wa Nsambya, kwa wanakwaya wa Lubaga, kwa wake za maaskari kwenye nyumba za polisi. Kutembeza biashara hivyo bila kibali kulikatazwa, na askari wa jiji walizunguka na lori lao wakikusanya watu na mali. Kazi yangu ilikuwa kukaa na simu. Aliyeliona lori alinibipu mara moja, yaani anaita na kukata kabla sijapokea, salio haliguswi, na mimi nikawabipu wengine wote mara moja moja: ondokeni. Bipu mbili zilikuwa na maana yake pia: nina mteja anayetaka rangi ambazo sinazo, nitumie mtu mwenye mzigo. Kila kitu kilipitia kwangu. Hawakupigiana wao kwa wao, na hakukuwa na haja.

Sitajifanya kwamba hilo halikunipendeza. Saa saba wale waliokuwa karibu walirudi kula, na Mama Aline alipika kwenye sigiri ya makaa pale juu ya ngazi, fufu na sombe, yaani ugali wa muhogo na kisamvu, na Ijumaa samaki mkubwa wa kukausha aliyelowekwa tangu alfajiri. Kichwa cha samaki kilikuwa changu. Hakuna aliyewahi kutangaza hivyo, ila kila Ijumaa kilitua kwenye sahani yangu, na mimi nilikula macho ya yule samaki nikijua kwamba nisipokuwapo, hawa wanawake wote wangekuwa kwenye lori. Nilikuwa msichana wa Kinubi ambaye hakuwahi kuvuka hata mpaka mmoja, nimezungukwa na watu waliovuka ziwa na milima, na wote walisubiri kidole changu.

Kisha akaja Nabintu. Aliletwa na Mama Aline mwezi wa tatu, mrefu, shingo ndefu, mwenye tabia ya kukunja kitenge huku anakutazama wewe badala ya kutazama nguo. Alikuwa hajapata karatasi yake ya ukimbizi. Alishahojiwa mara moja na alikuwa anasubiri kuitwa tena, na kila mtu pale chumbani alielewa kwamba wengine wakishikwa watalala ndani siku moja na kutoka bila mzigo, lakini yeye akishikwa kabla ya kuitwa, hakuna anayejua angepelekwa wapi. Ungetegemea mtu wa namna hiyo atembee ameinama. Huyu alikuwa anacheka ngazini kabla hujamwona. Wiki ya pili wanawake walianza kumngoja ndipo wale. Wiki ya nne alikuwa ameshawazoesha manesi wa Nsambya kuagiza kwa jina lake. Ijumaa moja Mama Aline alipakua, nikaona kichwa cha samaki kinapita mbele yangu, kinakwenda kutua kwa Nabintu. Hakuna aliyeona kitu. Mimi niliona.

Nilianza kumfuatilia bila kuinuka kwenye kiti changu. Nilijua nyayo zake kwenye ngazi ya chuma. Nilijua kwamba Jumatatu na Alhamisi yuko Nsambya, kwamba Jumatano anapanda Lubaga, anapumzika chini ya kanisa kuu kwenye ukuta wa mawe kabla ya kuingia kwa wanakwaya, na kwamba saa nne hununua ndizi mbili, moja hula na nyingine huweka. Wale wengine, hata niliowapenda, nilijua tu mtaa walioendea. Yeye ningeweza kumchora. Nilikuwa namngoja akosee.

Aliyekosea ni mimi. Askari wa jiji walikuwa na msimamizi mmoja ambaye wanawake walimwita Kalamu kwa sababu ya peni aliyoichomeka sikioni. Siku hiyo alimshika Zawadi karibu na nyumba za reli za Nsambya, akamnyang'anya simu, na badala ya kuitupa kwenye lori kama walivyozoea, akakaa akaisoma. Sijui nani alimfundisha habari ya bipu mbili. Labda alikuwa ametutazama siku nyingi, labda mke wake alikuwa mteja wetu. Alinibipu mara mbili kwa simu ya Zawadi. Nilifurahi, nikamtuma Riziki aliyekuwa jirani na pale, na fungu zima. Baada ya nusu saa Riziki akabipu mara mbili. Nikamtuma wa tatu, naye akabipu mara mbili. Nilikuwa naimba, nawaambia mafundi wa chini leo Nsambya wana sikukuu. Nilituma wa nne. Naye alipobipu nikampigia wa tano, Nabintu, na yeye, kabla hajaenda, alitumia salio lake mwenyewe kumpigia yule aliyedaiwa kuwa na mteja. Alipokea mwanamume, akimwita nyabo, yaani mama kwa Kiganda. "Nyabo, kuja haraka, hapa iko bateja mingi." Nabintu alikata, akatembea mpaka Kisenyi, akapanda ngazi polepole, akaniambia, "Dada, usitume mutu tena. Ni askari beko ku simu." Nilikuwa nimepeleka wanawake watatu kwa Kalamu kwa mkono wangu mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, juu ya yule aliyemkamata peke yake.

Binti yangu anasoma chuo, mambo ya mitandao ya kompyuta. Mwaka jana alinichorea vitone na mistari nyuma ya bahasha kunieleza kazi yake. Akaniambia mtandao unaweza kupoteza vitone vingi hapa na pale na usitikisike, lakini adui akianza na kimoja, akafuata mstari mpaka kwa jirani yake, na kutoka hapo kwa jirani wa jirani, unaweza kukatika vipande mapema sana, hasa kama mistari yote inakutana mahali pamoja. Akaweka kidole kwenye kitone kikubwa cha katikati. "Huyu hapa, Mama, ndiye hatari." Nilimwambia chai inapoa. Sikutaka ajue kwamba nimeshawahi kuwa hicho kitone, na kwamba nilikuwa nakipenda.

Jioni ya siku ile ya Kalamu, kabla jua halijazama, waliobaki walikaa juu ya marobota ya vitenge, na nilingoja kutukanwa. Ningeweza kustahimili matusi. Nabintu akasema, "Si kosa ya Mastula. Ni kosa ya njia. Njia yote inapita kwake." Kunitetea kwake kuliniuma kuliko chochote ambacho angeniambia. Kisha akaeleza kwamba kila mmoja awe na watu wawili wa kubipu, ili mtu akishikwa, au simu yangu ikishikwa, habari ipite pengine. Niliuliza, "Na mimi niwe nani? Mlinzi wa vitambaa?" Nilisema hayo ni mambo ya watu waliofika juzi wasioujua mji. Nilisema mengi. Mama Aline, ambaye hakupenda kelele kwenye chakula, alisema, "Tutafikiri," na nikachukua hilo kama ushindi.

Wiki iliyofuata, saa nane mchana, nilikuwa nimejilaza nyuma ya marobota na kichwa kinaniuma, wao wakidhani nimekwenda kuswali. Niliwasikia wameingia, nikasikia sufuria, kisha sauti ya Nabintu, ya chini, ya mtu anayegawa. "Wa karibu ni ule munakula naye, munatembea naye. Mukianguka, munaanguka pamoja, ni sawa. Lakini wa mbali, hapana. Wa mbali ni ule hamupiti njia moja, hamuchekake pamoja. Kalamu akifuata kamba ya batu ya karibu, hatafika kwake." Wakaanza kutajana. Mama Aline na Nabintu walichaguana kuwa wa karibu, na mimi kwa miaka miwili nilikuwa nadhani wa karibu wa Mama Aline ni mimi. Walipofika kwa wa mbali, fundi mmoja chini akawasha injini ya lori, chumba kizima kikatetemeka, sikusikia jina hata moja. Ilipozimwa walikuwa wanaosha vyombo. Nililala pale vumbi likinitua usoni mpaka walipoondoka. Wamejenga nyumba nyingine ndani ya nyumba yangu, ndivyo nilivyojiambia, na mimi hawakunipa hata ufunguo.

Kalamu alirudi Jumatano moja. Zawadi, aliyekuwa ametoka ndani na simu mpya na woga wa zamani, alinibipu mara moja saa tano asubuhi kutoka bondeni, barabara ya kwenda Lubaga. Lori lilikuwa linapanda huko. Nilifanya kazi yangu upesi, jina kwa jina, bipu moja, kata, bipu moja, kata, mpaka nikafika kwenye N. Jina lake lilikaa kwenye kioo kidogo cha kijani. Nilijua yuko wapi. Jumatano, saa tano, alikuwa amekaa kwenye ule ukuta wa mawe chini ya kanisa kuu na ndizi yake ya pili kwenye mfuko, amebeba vitenge vya kwaya nzima, na alikuwa ameitwa kwenye mahojiano yake Ijumaa ya wiki hiyo hiyo. Nilijua yote hayo. Bipu haigharimu hata senti, ni kidole tu. Nilibonyeza kitufe cha kurudi nyuma, nikapita kwa Riziki, nikambipu Riziki, kisha nikaiweka simu juu ya meza na kukaa juu ya mikono yangu. Sikumchukia. Nilitaka tu iwe wazi, mara moja, mbele ya wote, nini kinatokea kwa mtu ambaye mimi simpigii.

Nadhani zilipita dakika tano. Simu ikaita, na haikukatika. Iliita kwa mlio mzima, wa mtu anayekubali salio lake liende. Alikuwa Nabintu, anahema, nyuma yake kuna kengele. "Dada, toka. Banakuya kwako. Lori ingine, Kalamu anajua chumba." Unajua nilimwuliza nini? Sikuuliza yuko salama, sikuuliza lori liko wapi. Niliuliza, "Nani amekwambia?" Akasema, "Mama Aline. Amesikia askari banasema. Miye niko ndani ya kanisa. Weye ni wa mbali wangu, njo maana nakuita. Toka, dada." Akakata. Nilisimama, nikaanza kutupa marobota dirishani kwa mafundi, nao wakayafungia ndani ya bodi ya basi bovu lililokuwa halina hata viti. Kalamu alipopanda ngazi alikuta chumba kitupu na alama za mraba sakafuni pale ambapo vumbi halikuwa limefika. "Nyabo, hapa ilikuwa kitu gani?" Nikasema, "Vumbi, afande." Akatazama zile alama, akatoa peni sikioni, akairudisha, akashuka.

Hakushikwa hata mmoja. Ijumaa Nabintu alikwenda kwenye mahojiano, akarudi saa saba na karatasi yake imefungwa kwenye kipande cha kitenge, na wanawake walipiga vigelegele mpaka mafundi wakapanda kuuliza. Mama Aline alikuwa amepika samaki. Nabintu aliomba upawa, akapakua yeye, na kichwa akakiweka kwenye sahani yangu. Hakunitazama kwa namna yoyote ya pekee. Nilikila chote, mpaka mifupa. Siku hiyo walinipa wawili wangu rasmi, Zawadi wa karibu na Nabintu wa mbali, na nilishukuru kwa mdomo, lakini moyoni nilisikia neno mbali tu. Mwisho wa mwaka niliolewa, nikaacha kile chumba, na kwa miaka yote hii, kila nilipompigia Nabintu kwa habari ya harusi au ya kifo, nilikumbuka kwamba palikuwa na mtu mwingine wa karibu. Kuhusu ile Jumatano nilijiambia kwamba hakuna anayejua. Kumi na moja walipigiwa, mmoja hakupigiwa, nani angehesabu?

Matanga yalikuwa Nsambya, nyumbani kwake, mchana. Nilivua viatu na papo hapo nikajikuta nahesabu viti. Vilikuwa vingi kuliko vitakavyokuwa kwenye matanga yangu. Niliona pazia zake nzuri, binti yake anayefanana naye shingo, masista wawili kutoka kanisani, manesi waliostaafu, na wale wenzetu wamezeeka, kila mmoja amekaa na wa karibu wake bila hata kupanga. Simu ya marehemu ilikuwa juu ya meza, kando ya picha yake, kwa sababu watu wa Bukavu walikuwa bado wanaipigia kutoa pole. Mama Aline alinipisha mahali kando yake. Nilikaa, na kinywa changu kikafanya kile ambacho kimefanya siku zote. "Wewe ulikuwa wa karibu wake," nikamwambia. "Mimi aliniweka mbali."

Mama Aline alinigeukia. Uzee umeyafanya macho yake kuwa madogo lakini bado yanachoma. "Weye ulikuwa wa kwanza kutajwa," akasema. "Ile siku ya kugawana, mbele ya yote. Batu balikataa. Balisema, huyu hakupendi. Nabintu akasema, najua, ananionea wivu. Mutu wa wivu hakuachiliake na macho, anakutazama siku yote. Weye Mama Aline unanipenda, lakini nikikuuliza saa hii niko wapi, haujue. Mastula anajua." Nilitaka kusema kitu. Aliinua kidole. "Na ile siku ya Lubaga, mangaribi, tuliulizana: nani alipata bipu ya Mastula? Yote tulipata. Yeye hapana. Miye nilimwambia, sasa mutoe, muweke mwingine. Akasema hapana, muache. Mastula alijua niko wapi." Alifuta uso kwa ncha ya kitenge chake. "Yote tunajua, Mastula. Tangu ile siku. Kunywa chai."

Wote. Miaka zaidi ya ishirini. Zawadi aliyekuwa anagawa mandazi alijua, Riziki aliyekuwa amesinzia kwenye kona alijua, na walikuwa wamenialika kwenye kila harusi na kunipakulia. Niliinuka, nikasema nakwenda kupunga hewa. Barazani kulikuwa na viatu vingi sana, na vyangu vilikuwa vimesukumwa pembeni. Nilitoa simu. Jina lake lilikuwa pale pale nilipoliacha Jumanne. Nilibonyeza, nikasikia kupitia dirishani inaita mara moja pale mezani, nikakata.

Ndani sauti zilitulia. Nilimsikia binti yake akiuliza, "Nani huyu anabipu?"

"Acha tu," Mama Aline akajibu. "Ni wa mbali wake."